Ukingo wa Mshono: Uchovu wa Chuma na Madaraja ya Usambara

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto, ambayo Wadachi waliichonga ubavuni mwa mlima katika siku ambazo Lushoto ilikuwa ikiitwa Wilhelmstal, ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika masafa hayo mafupi msafiri hupanda kiasi cha mita 1,000, akitoka katika joto la tambarare akapita Soni penye maporomoko, hata akafika kwenye ukungu na baridi ya juu. Magari ya mizigo yaipandayo huchukua saruji, mabati na bidhaa za madukani. Yaishukayo huchukua kabichi, karoti, viazi, matunda na mbao, nayo aghalabu hupakiwa mpaka pasipo nafasi ya gunia jingine, kwa kuwa mboga haingoji na soko la Dar es Salaam halina huruma kwa achelewaye. Mhandisi wa madaraja aitazamapo biashara hii huona jambo ambalo mkulima na dereva hawana haja ya kuliona: kila gari lipitalo juu ya mhimili wa chuma huuvuta mhimili ule kisha likauachia, na kule kuvutwa na kuachiwa, ambako kwa mara moja hakudhuru kitu, kukikaririwa mara milioni kwaweza kuupasua mhimili kwa mzigo uleule ambao siku ya kufunguliwa kwa daraja uliubeba pasipo taabu.

Maradhi hayo ndiyo yaitwayo uchovu wa chuma, na makusudi ya safu hii ni kueleza kwa nini huanzia zaidi penye mshono wa kuchomelea, na lipi liwezalo kufanywa ili mshono uyastahimili, hasa katika nchi isiyo na fedha ya kubadili kila daraja lililozeeka. Rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime tangu mwanzo: nguvu ya daraja lililochomelewa, katika kushindana na uchovu, haimo katika ubora wa chuma kilichonunuliwa kwa bei ghali, bali imo katika milimita chache za ukingo wa mshono, na milimita hizo zaweza kutengenezwa na fundi wa nchi hii kwa zana ya mkono, maadamu yupo msimamizi ajuaye anachokitafuta.

Yafaa kukitazama kwanza chuma cha kale, kwani kipo chini ya milima hii na kingali kikifanya kazi. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na baada ya kupita Mombo ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kijerumani ya von Lettow-Vorbeck yalipokuwa yakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Kiingereza ya Smuts, yaliyavunja madaraja ya njia hii ili adui asiyatumie. Madaraja yakatengenezwa tena, na mwaka 1963 reli hii ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa njia mpya baina ya Mnyusi na Ruvu. Ikapita miaka mingi ya kusahauliwa, hata Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi kwenda Moshi. Zama za ujenzi wake, kuchomelea kwa umeme hakukuwa bado kazi ya madaraja, na mabamba ya chuma yaliunganishwa kwa riveti. Watu wa leo huziona riveti kuwa kazi nzito ya kizamani, na kwa gharama wana haki. Lakini zilikuwa na fadhila moja ambayo sisi tuliipoteza bila kuilipia tanzia. Mhimili wa riveti ni jamii ya mabamba yaliyoshikana, kila moja likiwa na mpaka wake, na ufa uzaliwao katika bamba moja hufika mwisho wa bamba lile ukakosa njia ya kupita kwenda kwa jirani. Mhimili uliochomelewa ni kitu kimoja kutoka juu hata chini, na ufa uliopata mlango katika kiungo kidogo kabisa huikuta njia yote iko wazi mbele yake.

Elimu ya uchovu wenyewe ni kongwe kuliko reli hiyo. Wilhelm Albert, aliyekuwa mkuu wa migodi huko Clausthal katika milima ya Harz, aliijaribu minyororo ya kupandishia mawe mwaka 1829 kwa kuitia mzigo na kuuondoa mara nyingi, akathibitisha kwamba mnyororo hukatika kwa kukariri mzigo ambao mara moja hauuwezi. Na dawa aliyoivumbua mwaka 1834 ilikuwa kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa, ambayo uzi mmoja ukikatika nyingine hubaki. (Wazee wa Shume na Mkumbara, ambako kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikiteremsha mbao za mierezi kwa njia ya kamba iliyojengwa na Bleichert wa Leipzig, waliuona uvumbuzi huo ukining'inia juu ya vichwa vyao, ijapokuwa jina la Albert halikuwafikia.) Baada yake alikuja August Wöhler, mtu wa reli, ambaye kwa majaribio ya miaka mingi juu ya ekseli za mabehewa, aliyoyakamilisha mwaka 1870, aliiweka kanuni tunayoitumia mpaka leo: umri wa chuma hauamuliwi na mkazo mkubwa peke yake, bali na tofauti iliyopo baina ya mkazo wa juu na mkazo wa chini kila mzigo upitapo.

Sasa tuje kwenye mshono. Fundi achomeleapo bamba juu ya bamba, chuma kilichoyeyuka huganda kikafanya kilima kidogo, na pale mguu wa kilima ukutanapo na bamba, yaani kwenye ukingo wa mshono, mambo matatu hukusanyika mahali pamoja. La kwanza ni umbo: bamba lililokuwa laini hugeuka ghafula, na mkazo uliokuwa ukipita kwa utulivu husongamana kwenye pembe ile. La pili ni uchafu: katika ukingo huo hubaki vipande vidogo mno vya mavi ya chuma, vilivyoingia ndani kwa kina cha sehemu ya kumi chache za milimita, ambavyo jicho halivioni, navyo ni nyufa zilizokwisha kuzaliwa kabla gari la kwanza halijapita. La tatu, ambalo kwa wengi ni gumu kusadiki, ni kwamba mshono ukipoa hutaka kusinyaa, na bamba baridi lililouzunguka hulikataa hilo, basi mshono hubaki umevutwa daima kwa nguvu inayokaribia upeo wa chuma chenyewe, hata kama daraja halina kitu juu yake. Kwa sababu hiyo hata sehemu ambayo hesabu inasema inabanwa na mzigo, kwa hakika hutoka tu katika mvuto mkubwa kwenda mvuto mdogo, na ufa hupata chakula.

Kutokana na hayo matatu hufuata tokeo ambalo kila anayesaini mkataba wa daraja lazima alijue. Chuma chenye nguvu maradufu, kikichomelewa kama kilivyochomelewa chuma cha kawaida, hakidumu zaidi dhidi ya uchovu hata kidogo. Uwezo wa chuma bora ulikuwa katika kuchelewesha kuzaliwa kwa ufa. Na hapa ufa umekwisha kuzaliwa, kilichobaki ni kukua tu, na ufa hukua kwa mwendo ulio karibu sawa katika vyuma vyote vya ujenzi. John Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, waliyathibitisha haya kwa majaribio ya mihimili mingi katika miaka ya 1960 na 1970, na kanuni za Marekani na za Ulaya zote zimejengwa juu ya ithibati hiyo: huangalia umbo la kiungo na tofauti ya mkazo, wala haziulizi ubora wa chuma chenyewe. Muuzaji anayekuja na chuma ghali akidai kwamba kitarefusha umri wa daraja huenda anasema kweli juu ya uzito na kutu. Juu ya uchovu wa kiungo kilichoachwa vilevile kilivyochomelewa, anauza jina.

Kanuni ya hesabu ni kali na yafaa kukumbukwa: umri hupungua kwa mchemraba wa mkazo. Ukiuzidisha mkazo mara mbili, umri huwa sehemu moja ya nane. Lori lililozidisha mzigo kwa asilimia 20 hula umri wa daraja sawa na malori 1.7 yaliyopakiwa kwa halali, na dereva wake huvuka salama akaamini kwamba sheria ya mizani ni uonevu. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, ikiweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, watu huizungumza kama sheria ya kulinda lami. Mimi naiona ni sheria ya kulinda mishono kuliko lami, kwa kuwa lami iliyochakaa huonekana na kila mtu, ilhali mshono uliochakaa hauonekani. Fauka ya hayo, katika njia ya mlimani ambako shehena nzito ya mazao na mbao hushuka kwa upande mmoja, mhimili ulio chini ya njia ya kushukia huweza kuchoka mapema kuliko mwenziwe wa kupandia, na mkaguzi mwenye saa chache afanya vema kuanzia upande huo.

Kisa mashuhuri cha elimu hii ni cha daraja la Yellow Mill Pond huko Bridgeport, Connecticut, lililofunguliwa mwaka 1958. Mihimili yake ilikuwa imeongezewa bamba la pili chini, palipo na mzigo mkubwa, na bamba hilo likakomea njiani kwa mshono wa kukingama. Mwaka 1970 ulionekana ufa uliotoka ukingoni mwa mshono huo, ukalikata bamba la chini lote na kupanda kwenye ubavu wa mhimili. Lililowashangaza wachunguzi ni kwamba kosa la fundi halikuonekana kuwa sababu: kazi ilikuwa imefanywa kama ilivyochorwa, na mchoro ndio uliokuwa mbaya. Wala daraja halikubomolewa. Fisher na wenzake walizipiga kingo za mishono kwa nyundo ya hewa, na nyingine wakaziyeyusha upya, wakaona kwamba hata ufa uliokwisha kuanza, maadamu kina chake hakijapita milimita 3 hivi, waweza kuzuiwa usiendelee.

Hapo ndipo tulipokusudia kufika. Njia za kuuboresha ukingo wa mshono ni za namna mbili: zile zinazorekebisha umbo na kuondoa uchafu, na zile zinazogeuza mvuto uliobaki kuwa mbano. Katika namna ya kwanza, iliyo nyepesi kufundishwa ni kusaga. Fundi hutumia kichwa kidogo cha chuma kigumu chenye meno, kizungukacho kwa kasi kubwa, akachimba mfereji laini mguuni mwa mshono, kina chake kikiwa nusu milimita chini ya kasoro yoyote inayoonekana, wala kisipite milimita 2 au asilimia 7 ya unene wa bamba, kwa kufuata kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Akifanya hivyo, vile vipande vya mavi ya chuma huondoka na pembe ile kali hugeuka kuwa duara. Nataka niseme neno juu ya grinda ya sahani, ile ambayo kila karakana kutoka Mombo hata Mlalo inayo, kwa kuwa watasema kazi ni moja: si moja. Sahani huacha mikwaruzo iliyokingama na njia ya mkazo, na kila mkwaruzo ni mlango mpya wa ufa. Fundi hodari aweza kuitumia kwa hadhari, lakini asiyefundishwa atauacha mshono uking'aa kwa uzuri, nao una hali mbaya kuliko alivyoukuta. Njia nyingine ya namna hii ni kuuyeyusha ukingo upya kwa mwali wa umeme wa ncha ya tangsteni chini ya gesi ya agoni; ni njia nzuri karakanani, ila hutaka chuma safi na hewa tulivu, na upepo wa mlimani haumpi fundi fursa hiyo.

Namna ya pili ni nyundo. Nyundo ya hewa yenye ncha ya mviringo hupitishwa juu ya ukingo mara kadhaa, hata ibaki alama laini yenye kina cha nusu milimita hivi. Chuma cha juu husukumwa kikatanuka, na chuma cha chini kikikirudisha, uso wote hubaki umebanwa. Ufa hauwezi kufunguka mahali palipobanwa, kama mlango usivyofunguka penye mtu aliyeuegemea kwa nje. Wahunzi wa Washana huko Upare, majirani zetu wa ng'ambo ya tambarare, waliujua ugumu utokao kwenye nyundo kabla ya chuo chochote cha uhandisi, ingawa wao waliyatafuta makali ya jembe na mkuki na si umri wa daraja. Katika karne iliyopita, kwenye viwanda vya meli vya Kisovyeti huko Severodvinsk, Efim Statnikov na wenzake walibuni nyundo ndogo ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, ipigayo kwa pini nyembamba kwa kasi kubwa sana. Vizazi vya zana hiyo ndivyo vinavyotumika leo katika madaraja ya Ulaya, Marekani na Japani, navyo vina kelele ndogo na mtetemo mdogo mkononi mwa fundi kuliko nyundo ya zamani.

Faida yake ni kiasi gani? Miongozo ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji, iliyoandikwa na Haagensen na Maddox, hukubali kwamba kusaga huongeza mkazo unaostahimilika kwa asilimia 30, na kwa ule mchemraba tulioutaja umri huzidi mara 2.2. Kupiga nyundo hupewa asilimia 30 kwa chuma cha kawaida, na 50 kwa chuma chenye nguvu zaidi, yaani umri mara 3.4. Msomaji makini ataona kwamba hapo ndipo chuma bora kinapoanza kulipa thamani yake: baada ya nyundo, si kabla.

Walakini dawa hii ina mipaka, na anayeificha mipaka hiyo ni mchuuzi. Mbano wa nyundo hufaa zaidi ukitiwa wakati daraja limekwisha kuubeba uzito wake lenyewe. Ukitiwa karakanani, uzito wa daraja utakapokuja utaila sehemu ya faida. Lori moja lenye mzigo wa kupita kiasi laweza kuulegeza mbano ule, hivyo nyundo na mizani ni ndugu wasioachana. Kutu nayo ni adui: Amani, upande wa mashariki wa milima hii, hupata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na chuma kilichosagwa kikaachwa bila rangi katika unyevu wa namna hiyo kitapata vishimo vitakavyourudisha ufa mahali ulipofukuzwa, basi siku ya kusaga na siku ya kupaka rangi zisitengane. Na mpaka ulio mkubwa kuliko yote ni huu: kuutengeneza ukingo hakuufai mshono wenye mzizi dhaifu. Mshono usiopenya unene wote wa bamba una ufa wa kuzaliwa nao ndani, usioonekana; ukiuimarisha ukingo wa nje, kuchoka kutahamia ndani, na ufa utakapotokeza nje umri utakuwa umekwisha. Kiungo cha namna hiyo dawa yake ni kuchomelewa upya kwa kupenya kabisa, au kuchorwa upya.

Barabara zetu za milimani zina madaraja mengi ya zege, na mawe hayakosekani. Mahali ambapo tao la mawe linatosha, sioni sababu ya kuleta chuma. Ila mafuriko yakilichukua daraja, kama yalivyochukua mengi nchini katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, linaloletwa upesi ni daraja la paneli, kizazi cha lile alilolibuni Mwingereza Donald Bailey mwaka 1940 kwa ajili ya vita: paneli ya mita 3 hivi, uzito wake kilo 260, watu sita wakaiinua. Paneli hizo za Bailey ni chuma chenye nguvu kilichochomelewa, nazo zilikusudiwa kuishi muda wa vita, si kizazi cha watu. Daraja la muda likikaa miaka ishirini, likafunguliwa, likapelekwa kwingine, paneli iliyokuwa katikati, penye mvuto mkubwa, yaweza kurudishwa katikati tena pasipo mtu kujua historia yake. Kila paneli ingepigwa chapa ya namba, na daftari likaandikwa ilipokaa na muda ilioukaa, gharama yake ingekuwa bei ya daftari.

Jambo la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Bomba la maji la kijiji linahitaji kuvuka mto, na mhimili wa daraja upo. Fundi huitwa, akachomelea vishikizo vya bomba chini ya mhimili, mahali penye mvuto mkubwa, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri na watu wakashukuru. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jahazi la chuma la makazi ya wachimba mafuta lililoitwa Alexander Kielland lilipinduka, wakafa watu 123 kati ya 212. Chanzo kilikuwa ufa wa uchovu ulioanzia kwenye mshono mdogo, wa milimita 6, ulioshikiza kifaa cha kusikilizia ndani ya maji. Kifaa ambacho hakikubeba uzito wowote wa jahazi. Mshono usio na kazi katika hesabu ya mhandisi una kazi kamili katika hesabu ya uchovu. Kishikizo cha bomba kifungwe kwa ukanda na bolti, au bomba lipewe nguzo zake. Na palipokwisha kuchomelewa, kishikizo kikatwe, mahali pasagwe hadi pawe laini, papimwe kwa rangi ya kupenya ifichuayo nyufa, kisha papakwe rangi.

Kwa TANROADS na TARURA, wakala zinazosimamia barabara, na kwa Shirika la Reli, ombi langu ni la vifungu viwili katika kila mkataba wa daraja la chuma: kwamba kingo za mishono iliyokingama katika sehemu zenye mvuto zisagwe au zipigwe nyundo na zikaguliwe kabla ya rangi, na kwamba mtu yeyote asichomelee kitu juu ya mhimili bila kibali cha mhandisi kilichoandikwa. Kwa vyuo vya ufundi vya VETA, ombi ni kwamba kijana afundishwaye kuchomelea afundishwe pia kuumaliza mshono, maana kwa sasa mtihani wake huishia pale kazi ya uchovu inapoanzia.